Ukiugua Ukashindwa Kazi: Namna ya Kudai Haki na Msaada wa Ulemavu Uganda

Kabla hujatoa nauli ya kwenda wilayani, lijue hili: Uganda haina posho moja ya kila mwezi ambayo mtu yeyote aliyepata ulemavu anaijazia fomu, anapitishwa, kisha anaanza kulipwa. Wengi hulijua wakiwa wamekwisha kuchoka. Mzee amepigwa kiharusi, upande mmoja haufanyi kazi, watoto wanamsukuma kwenye kiti mpaka ofisi ya gombolola (sub-county) wakiulizia “pesa ya walemavu”, halafu wanarudi mikono mitupu kwa sababu hakuna dirisha la jina hilo.

Kusema kwamba hakuna kitu kabisa, hata hivyo, si kweli, na uongo huo umewanyima watu mamilioni ya shilingi yaliyokuwa haki yao. Zipo haki na misaada kadhaa, kila moja na sheria yake na ofisi yake. Kinachoamua ipi ni yako ni maisha uliyokuwa ukiishi kabla ya kuugua: nani alikuajiri, uliumia wapi, ulikuwa ukikatwa NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) au la, una umri gani. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Nimeuandika kwa ajili ya mgonjwa mwenyewe, na zaidi kwa ajili ya yule anayemuuguza, maana mara nyingi yeye ndiye anayetembea na bahasha.

Hatua ya kwanza: karatasi, ukiwa bado wodini

Kesi nyingi huharibika hapa, mapema kabisa, wakati ambapo hakuna mtu nyumbani anayefikiria fidia wala akiba. Watu wanafikiria damu, dawa na chakula cha mgonjwa, na ni haki yao. Lakini daktari aliyekupokea usiku ule anaweza kuhamishwa mwezi ujao, na daftari lako la matibabu linaweza kulowa mvua kwenye bodaboda. Mmoja katika familia apewe kazi hiyo moja tu: kutunza karatasi.

Siku ya kuruhusiwa, usiondoke na fomu ya kuruhusiwa peke yake. Fomu hiyo inasema uliingia lini, ukatoka lini na ulipewa dawa gani. Ofisi utakazokwenda zinataka kujua kitu kingine: mwili wako sasa unashindwa kufanya nini, na hali hiyo itadumu au itapona. Hiyo inaandikwa kwenye ripoti ya daktari, ambayo lazima uiombe. Mwambie daktari waziwazi: “Daktari, naomba ripoti itakayoeleza kazi niliyokuwa nikifanya na kama nitaweza kuirudia.” Dereva wa lori aliyepoteza nguvu za mkono wa kulia na karani aliyepoteza nguvu za mkono huohuo hawako katika hali moja, na daktari hawezi kuandika tofauti hiyo kama hajui unafanya kazi gani.

Ripoti iwe na jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, tarehe, jina la daktari na saini yake, namba yake ya usajili na muhuri wa hospitali. Ripoti ya hospitali kubwa ya serikali ina uzito zaidi kuliko ya kliniki ya mtaani. Kama ulitibiwa kwenye kituo cha afya kilicho karibu, omba rufaa uende hospitali ya rufaa ya mkoa wako, iwe Arua, Gulu, Lira, Mbale, Jinja, Masaka, Mbarara, Fort Portal au nyingineyo, au Mulago ukiwa Kampala. Ugonjwa wa akili ripoti yake hutoka kwa daktari wa magonjwa ya akili, naye hupatikana Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, na katika hospitali za rufaa za mikoa. Huduma kwenye vituo vya serikali hazilipiwi tangu mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia, kwa hiyo umaskini usikuzuie kwenda kuiomba ripoti.

Kama ulikuwa kwenye ajali ya barabarani, au ulipigwa, kuna karatasi ya ziada: fomu ya polisi namba 3 ya uchunguzi wa majeraha, pamoja na ripoti ya polisi kuhusu ajali yenyewe. Polisi wa trafiki wataandika namba ya gari lililokugonga na bima yake. Bila namba hiyo, madai ya bima ya mtu wa tatu, ambayo sheria inalazimisha kila gari na kila bodaboda kuwa nayo, hayana pa kuanzia. Mtu wa familia aende kituoni mapema, gari likiwa bado limeshikiliwa.

Kila karatasi itolewe fotokopi mara kadhaa, na uipige picha kwa simu. Nakala halisi usimwachie mtu, hata ofisa mwenye suti. Mwonyeshe nakala halisi, mpe fotokopi, na umwombe agonge muhuri wa kupokea kwenye fotokopi ya pili unayobaki nayo. Muhuri huo wenye tarehe utakuja kukuokoa.

Hatua ya pili: kitambulisho na barua ya mwenyekiti

Bila namba ya utambulisho wa taifa, hakuna ofisi itakayokusikiliza. Kama kitambulisho kimepotea au muda wake umekwisha, anzia NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, ofisi yao iliyo wilayani. Linganisha herufi kwa herufi jina la kwenye kitambulisho na jina la kwenye ripoti ya hospitali, akaunti ya benki na kadi ya NSSF. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunaijua taabu hii: Mohamed, Muhammad na Mahmud katika familia moja, Hadija na Khadija kwa mtu mmoja. Tofauti ya herufi moja inaweza kusimamisha malipo miezi mingi. Rekebisha mwanzoni kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, au kwa kubadilisha taarifa NIRA, kabla faili halijafika kwa mlipaji.

Kisha pata barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ni barua fupi inayosema unaishi kijijini hapo na hali yako inajulikana. Ofisi nyingi zitaiomba. Mwenyekiti asiyekufahamu vizuri, mpelekee ripoti ya daktari aione.

Mgonjwa asiyeweza kusema wala kusaini anahitaji mpango mwingine, na hili familia huligundua limeshachelewa. Kama anaelewa mambo ila mkono haufanyi kazi, anaweza kuweka dole gumba, na anaweza kumpa mtoto au mke wake hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili. Kama akili imepotea, hati hiyo haifai kitu, kwa maana mtu asiyeelewa hawezi kumteua mwakilishi. Hapo familia inahitaji amri ya mahakama ya kusimamia mali yake. Fanyeni kikao cha familia, mkubaliane nani atakayesimamia, ndipo muende mahakamani kwa sauti moja. Ndugu wakigombana mbele ya hakimu, aliye kitandani ndiye anayeumia.

Hatua ya tatu: ujue mlango wako

*Uliumia kazini, au kazi ndiyo iliyokufanya uugue*

Hii ndiyo haki yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayopotezwa zaidi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia katika kazi yake au aliyepata ugonjwa uliosababishwa na kazi hiyo. Haisemi kampuni kubwa tu. Kibarua wa ghala, mpishi wa hoteli, mtu wa kiwanda cha matofali, wote wamo. Wanajeshi walio kazini ndio wasiohusika, wao wana utaratibu wao.

Mambo mawili katika sheria hiyo huwashangaza watu. La kwanza, fidia inalipwa hata kama ajali ilitokea kwa uzembe wa mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri akikwambia “ulikosea wewe, ulipanda bila ngazi”, hilo peke yake halimwondolei deni. La pili, ajali ukiwa safarini moja kwa moja kwenda kazini au kurudi inahesabiwa kuwa ya kazini, lakini wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba hukupitia pengine. Dereva wa bodaboda aliyekubeba na watu mlioachana nao getini ni mashahidi wako.

Hesabu yake ni hii. Ukishindwa kazi kabisa na moja kwa moja, fidia ni mshahara wa miezi 60. Aliyekuwa akipata shilingi 500,000 kwa mwezi anadai milioni 30. Ukipoteza sehemu tu ya uwezo wako, daktari anataja asilimia, nawe unalipwa asilimia hiyo ya miezi 60. Mtu huyohuyo akipewa asilimia 30, fidia yake ni milioni 9. Gharama za matibabu zinazofaa nazo ni za mwajiri.

Muda ndio adui. Taarifa ya ajali inatakiwa imfikie mwajiri ndani ya mwezi mmoja, na kwa ugonjwa wa kazi ndani ya miezi mitatu tangu dalili zionekane. Iandike, hata kama bosi alikuwepo na aliona kila kitu. Maneno machache yanatosha:

“Mimi, fulani, mfanyakazi wa ghala lako la Busia, nakuarifu kwamba tarehe fulani, mnamo saa fulani, nikiwa nashusha magunia ya mahindi kwenye lori, niliangukiwa na gunia nikaumia uti wa mgongo. Walioshuhudia ni fulani na fulani. Nililazwa hospitali fulani. Naomba taarifa hii uifikishe kwa ofisa wa kazi wa wilaya kama sheria inavyotaka.”

Toa nakala mbili, moja ya mwajiri na moja ya kwako yenye saini ya aliyepokea. Akikataa kusaini, mpelekee mbele ya shahidi na uandike jina la shahidi na tarehe. Halafu, usingoje hisani yake, nenda mwenyewe au mtume ndugu kwa ofisa wa kazi wa wilaya. Ofisa huyu ndiye anayesimamia hesabu na kuita pande mbili mezani. Kama hamkubaliani juu ya asilimia, suala linaweza kupelekwa kwenye bodi ya madaktari inayoamua mabishano hayo. Mwezi ukiwa umeshapita, nenda hata hivyo, ukaeleze kilichokuzuia. Mtu aliyekuwa hajitambui wodini ana sababu ya kweli.

Nina ombi moja hapa, na ninalitoa kwa uzito wote. Mwajiri akija nyumbani na mchele, sukari na laki tatu, akakuomba usaini karatasi, pokea mchele na ushukuru, lakini karatasi usiisaini. Mara nyingi imeandikwa kwamba umeridhika na hudai tena. Mpelekee kwanza ofisa wa kazi aisome.

*Uliajiriwa, ukaugua nje ya kazi*

Kisukari kimekula mguu, figo zimekataa, kiharusi kimekuja usingizini. Mwajiri hana fidia ya kukulipa, lakini bado una mambo mawili.

Kwanza ni mshahara wa ugonjwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakupa mshahara kamili wa mwezi wa kwanza wa kuugua. Mwezi wa pili ukiisha na bado unaumwa, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba, ila kwa kufuata masharti ya mkataba huo. Akikufukuza wiki ya pili, amekosea, na ofisa wa kazi ndiye wa kumwona.

Pili ni akiba yako ya NSSF. Kila mwezi unakatwa asilimia 5 na mwajiri anaongeza 10. Kwa mshahara wa 500,000 hiyo ni 75,000 kila mwezi, na 50,000 kati yake zinatoka kwa mwajiri. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, mwajiri yeyote anatakiwa kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Kwa hiyo usiseme “duka letu lilikuwa dogo”. Omba taarifa ya michango yako kwenye ofisi yao au kwenye simu, na uihesabu. Miezi iliyorukwa ni deni la mwajiri kwa Mfuko, nao una uwezo wa kumfuata alipe pamoja na faini. Toa malalamiko hayo kwao kwa maandishi.

Sasa, NSSF ina malipo mawili yanayomhusu mtu mwenye ulemavu, na watu huyachanganya. Moja ni mafao ya kutojiweza: ugonjwa au tukio lolote limekufanya usiweze tena kufanya kazi ya kujipatia riziki, kwa hiyo unapewa akiba yako yote na riba yake kwa mkupuo, bila kusubiri umri wa miaka 55. Jingine ni malipo ya kati, yaliyoletwa na marekebisho ya 2022: mwanachama mwenye ulemavu aliyefikisha miaka 40 na aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua mpaka nusu ya akiba yake huku akiendelea na kazi. Asiye na ulemavu anangoja miaka 45, na anapata asilimia 20 tu.

Ukiwa bado unaweza kufanya kazi, hata kazi nyepesi, uliza kwanza malipo ya kati. Pesa yote ikitoka leo, imetoka. Nimeona familia zikiikimbilia akiba nzima ili zilipe madeni ya hospitali, na mwaka haujaisha mgonjwa amepata nafuu, anaweza kukaa dukani, lakini hana kianzio. Kama kweli kazi haiwezekani tena, dai mafao ya kutojiweza bila aibu. Ni pesa yako, si sadaka.

Utahitaji:

- kitambulisho cha taifa na namba ya uanachama
- ripoti ya daktari inayosema huwezi kazi na kama hali ni ya kudumu
- barua ya mwajiri inayoonyesha lini na kwa nini uliacha kazi
- akaunti ya benki yenye jina lako mwenyewe

Ripoti yako si neno la mwisho. Jiandae kuchunguzwa tena na madaktari kwa niaba ya Mfuko. Siku hiyo usijikaze. Kwetu mgonjwa akiulizwa hali hujibu “nzuri tu, tunamshukuru Mungu”, na mbele ya mgeni hujitahidi kusimama wima. Heshima hiyo ni nzuri sebuleni, ila chumba cha daktari kinataka ukweli: unavaaje shati, unafikaje chooni, unaweza kukaa muda gani kabla mgongo haujauma. Mtu anayekuogesha aingie nawe aeleze.

*Wewe ni mtumishi wa serikali*

Mwalimu, muuguzi, karani wa wilaya: usijiuzulu. Rudia kuisoma sentensi hiyo. Anayejiuzulu kwa uchungu au kwa kushauriwa vibaya anaweza kupoteza haki ya pensheni aliyoijenga miaka yote. Njia sahihi ni kustaafishwa kwa sababu za kiafya. Unaandika barua kupitia kwa mkuu wako wa shule au wa kituo kwenda kwa ofisa mkuu wa utawala wa wilaya, unaambatanisha ripoti za hospitali, na suala linapelekwa mbele ya bodi ya madaktari. Bodi ikithibitisha kwamba huwezi kuendelea, ndipo mambo ya kiinua mgongo na pensheni yanaanza.

Faili la pensheni sasa huanzia kwenye ofisi iliyokulipa mshahara, siyo Kampala. Tafuta mapema barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini na hati ya mshahara ya mwisho. Barua ya kuthibitishwa ndiyo inayokosekana mara nyingi kwa walimu wa zamani. Anza kuitafuta leo, kabla bodi haijakaa.

Wanajeshi na wajane wao, ambao wengi wetu huku Bombo na Koboko tunaishi nao, hawapitii ofisa wa kazi wala wilaya. Mambo yao yako kwa madaktari wa jeshi na idara ya pensheni ya Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Maveterani.

*Hujawahi kuajiriwa na mtu*

Mkulima, mama wa sokoni, mtu wa bodaboda, fundi cherehani. Ndio wengi. Mlango wenu uko gombolola, na unastahili hatua yake peke yake.

Hatua ya nne: gombolola, na ruzuku ya vikundi

Muulize ofisa wa maendeleo ya jamii. Watu humwita CDO, na kila gombolola ina wake. Lakini kabla ya kumwona, mtafute kansela (diwani) wa watu wenye ulemavu. Sheria inataka kila baraza, kuanzia gombolola hadi wilaya, liwe na makansela wawili wanaowakilisha watu wenye ulemavu, mwanamume na mwanamke. Walichaguliwa kwa ajili yako. Wanajua mwaka huu ni vikundi gani vimepata, nani anakaa kwenye kamati, na ni lini orodha inapelekwa wilayani. Jitambulishe: “Mheshimiwa, niliugua mwaka jana, sasa mguu mmoja hauna nguvu. Naomba niandikishwe kwenye orodha ya watu wenye ulemavu wa gombolola yetu.”

Wengine husita hapo. Mtu aliyekuwa mzima miaka hamsini hujiona si “mlemavu”, ni mgonjwa tu, atapona. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 haiangalii ulizaliwa hivyo au la. Inaangalia kama una upungufu mkubwa wa mwili, akili au milango ya fahamu ambao, pamoja na vikwazo vinavyokuzunguka, unakuzuia kushiriki maisha sawa na wenzako. Kwa hiyo unapojieleza, jina la ugonjwa lisitangulie. Eleza usichoweza kufanya. “Nina presha” haimwambii CDO chochote. “Tangu kiharusi siwezi kushika jembe, na siwezi kutembea mpaka kisimani” inamwambia yote. Ukiandikishwa hujaacha kuomba uponyaji.

Msaada mkubwa unaopitia hapa ni Ruzuku Maalumu ya Taifa kwa Watu Wenye Ulemavu, ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Si mkopo, hairudishwi. Lakini haipewi mtu mmoja mmoja. Inapewa kikundi, kwa ajili ya mradi wa kuingiza kipato, na wazazi au walezi wa watu wenye ulemavu mkubwa wanaweza kuwa wanachama kwa niaba yao. Kiasi ambacho vikundi vimekuwa vikipewa ni shilingi milioni 5 kwa kikundi.

Njia yake iko hivi. Mnatafutana, watu wenye ulemavu wa muluka (parish) mmoja au miluka jirani. Mnachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, mnaandika katiba fupi, na CDO anawasaidia kukisajili kikundi. Mnafungua akaunti ya benki ya kikundi, maana pesa huingia huko. Mnajaza fomu ya maombi pamoja na maelezo ya mradi. Gombolola inakagua, wilaya inakagua, orodha inakwenda wizarani, kisha mnangoja. Fomu ni za Kiingereza, kwa hiyo muwe na kijana anayeandika vizuri, lakini awasomee kila mstari kwa lugha mnayoielewa wote kabla ya kuweka saini.

Maoni yangu juu ya vikundi hivi ni makali kidogo. Kikundi kilichoundwa wiki moja kabla ya fomu kufungwa, na watu ambao hawajawahi kuchangiana hata shilingi elfu moja, huvunjika pesa ikifika. Aliyekaribu na benki anazishika, wasioona na wasiosikia wanaambiwa “bado”. Anzeni kukutana sasa, hata kama ruzuku iko mbali. Wekeni akiba ndogo kila wiki, mwandike kumbukumbu za mikutano, na mchague mradi ambao tayari kuna mmoja wenu anaujua: kuku kwa aliyewahi kufuga kuku, kushona kwa aliye na cherehani. CDO anayekuja kukagua hutambua haraka kikundi cha kweli, kwa daftari lake tu. Na kikundi kikiwa na kiziwi, hakikisheni kuna mtu wa lugha ya alama kwenye mkutano wa pesa.

Maombi haya hayalipiwi. Anayekuomba “chai” ili jina lako lipande orodha, andika jina lake na siku.

Hatua ya tano: misaada mingine, kwa tahadhari

Mzee wenu akiwa na miaka 80 au zaidi, swali la ulemavu linakuwa dogo: anastahili posho ya wazee, inayojulikana kama SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi. Umri unasomwa kwenye taarifa za NIRA, na wazee wengi waliandikiwa miaka ya kukisia. Mwulizeni CDO kama jina lake limo.

Mpango wa serikali wa kuinua miluka, Parish Development Model, umetenga asilimia 10 ya pesa za kila muluka kwa watu wenye ulemavu. Kaya inapata mpaka shilingi milioni moja, kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Emyooga, mpango mwingine wa serikali, nao una SACCO (vyama vya akiba na mikopo) za watu wenye ulemavu kwenye majimbo ya uchaguzi. Yote miwili ni mikopo, hata kama wanasiasa jukwaani huisema kama zawadi. Mtu aliyetoka wodini juzi, ambaye pesa ya kwanza itakayoingia itakwenda kununua dawa, asichukue mkopo huu mpaka nyumbani awepo mtu mzima atakayeusimamia mradi. Afadhali kungoja ruzuku.

Kiti cha magurudumu, magongo na miguu ya bandia havitoki kwa CDO moja kwa moja, ingawa anaweza kukuandikia barua. Ulizia karakana ya viungo bandia kwenye hospitali ya rufaa. Hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, barabara ya Entebbe, ina upasuaji na mazoezi ya kuwarudisha watu kwenye hali yao. Anayetaka kujifunza kazi mpya ya mikono aulizie vyuo vya wizara vya mafunzo kwa watu wenye ulemavu, kama Kireka, Ruti kule Mbarara, na Mpumudde kule Jinja.

Hatua ya sita: wakikunyamazia

Kimya ni kawaida kuliko kukataliwa. Kila unapopeleka karatasi, uliza mambo matatu: faili linakwenda kwa nani baada ya hapa, nirudi lini, na namba ya kumbukumbu ni ipi. Andika kwenye daftari moja, pamoja na jina la uliyesema naye. Ukirudi siku uliyoambiwa, taja jina na tarehe kwa adabu. Ofisa mwenye mafaili mengi mezani hulitafuta faili la mtu anayekumbuka.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kama ni ripoti ya daktari haikutosha, ipo dawa yake: ripoti mpya iliyoeleza zaidi. Mwajiri akigoma kulipa fidia hata baada ya ofisa wa kazi kuingilia, madai yanaweza kupelekwa mahakamani, na kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili, ulizia msaada wa bure wa kisheria wa chama cha mawakili cha Uganda au Justice Centres.

Umenyimwa huduma kwa sababu ya ulemavu wenyewe, kwa mfano ofisi iko ghorofa ya tatu na hakuna aliyekubali kushuka kukusikiliza? Peleka malalamiko Tume ya Fursa Sawa. Ni kwa ajili ya mambo kama hayo, na wanasikiliza malalamiko ya mtu mmoja. Pesa ya kikundi ikiwa imeliwa, au mtu amedai rushwa, peleka jina na tarehe ulizoandika kwa IGG, ofisi ya serikali inayopambana na rushwa, ambao wana ofisi za mikoani pia. NUDIPU, muungano wa watu wenye ulemavu ulioanzishwa mwaka 1987, una matawi wilayani ambayo yanaweza kwenda nawe ofisini. Mtu anayesindikizwa na wenzake wenye barua ya tawi husikilizwa tofauti na anayekuja peke yake, kwa hiyo, kabla ya safari ya pili kwenye ofisi iliyokunyamazia, mpigie simu mwenyekiti wa tawi na mpange siku ya kwenda pamoja.